Heri Gari Bovu Kuliko Mtu Mzima

Pasipoti imerudi kutoka Kinshasa safi kama ilivyokwenda. Hakuna kibandiko, hakuna visa, hakuna hata alama ya kidole gumba cha karani. Mwenyewe anaifungua ukurasa kwa ukurasa mbele ya watu, akiamini labda kitu kimejibana katikati, huku jamaa waliomsindikiza wakijifanya wanatazama magari barabarani. Yokohama imemkataa. Kilichobaki ni kwenda kuwaeleza wale waliokwisha kunywa bia za Simba za kumuaga, na maelezo yenyewe hana, kwa kuwa balozi za Japani hazitoi sababu za kumnyima mtu visa. Hiyo si tabia ya karani mmoja aliyeamka vibaya. Ni kanuni ya wizara yao ya mambo ya nje, na inatumika kwa wote. Kanuni ya pili inafuata hapohapo: aliyenyimwa, kwa kawaida, hapokelewi tena kwa ombi la kusudi lilelile mpaka ipite miezi sita. Ni muda wa kutosha kabisa wa kujirekebisha, isipokuwa hujui urekebishe nini. Mtoto wa shule ya msingi pale Katuba akichapwa huambiwa kosa lake, mara nyingi hata kabla ya fimbo kushuka.

Na wakati huohuo, barabarani pale wanapotazama jamaa, inapita Toyota iliyotoka Yokohama. Imepauka, ina mkwaruzo mlangoni, na kioo chake cha mbele bado kina kibandiko cha ukaguzi cha Kijapani kilichokwisha muda wake zamani. Imevuka bahari, imevuka forodha za nchi tatu, na hakuna aliyeiuliza ina akiba kiasi gani benki. Hoja yangu ni rahisi kuieleza na ngumu kuikubali: mtu wa Lubumbashi anayepanga safari ya kwenda Yokohama asiombe kutendewa kama Mfaransa au Mmarekani. Aombe kutendewa kama gari bovu. Wajapani wamebuni, kwa ajili ya magari makuukuu, utaratibu wa haki na wa wazi, na mtu akiusoma kwa makini atatamani angezaliwa na magurudumu.

Tuanze na mtu, kwa kuwa yeye ndiye mwenye taabu. Katika makaratasi yote anayotakiwa kuyapeleka, lipo moja linalostahili kuwekwa katika Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, kando ya vinyago. Nalo ni ratiba ya kukaa. Ni jedwali lenye safu za tarehe, shughuli, namba ya simu na mahali pa kulala, na safari nzima lazima ionekane humo, tangu ndege inapotua hadi inaporuka, pamoja na namba ya ndege yenyewe. Pima uzito wa jambo hili. Mji wetu una umeme wenye ratiba ambayo mteja hajawahi kuonyeshwa, na maji ya bomba huja saa yanayotaka yenyewe. Mkazi wake amefunzwa na maisha kupanga kesho tu, na hata hiyo kesho huitaja pamoja na jina la Mungu. Leo anaombwa aandike atakuwa wapi Jumanne fulani ya mwezi ambao haujafika, upande wa pili wa dunia, na simu ya huko ni namba gani.

Jedwali hilo lina akili kuliko linavyoonekana. Ili ujaze mahali pa kulala, uwe umeshika chumba hotelini. Ili ushike chumba, ujue tarehe. Ili ujue tarehe, uwe na ndege: kwa mtu wa hapa njia mojawapo ni Ethiopian kutoka uwanja wetu wa Luano hadi Addis Ababa, kisha ile inayopita Incheon na kutua Narita, ambayo, kwa taarifa ya wasiojua, haiko Yokohama wala haiko Tokyo; iko mkoa wa Chiba, na kutoka huko kuna safari nyingine ya treni ya kuingiza katika jedwali. Lakini ndege huwezi kuilipia kabla ya visa, maana ukinyimwa, dola zimekwenda. Na visa huwezi kuiomba bila jedwali. Duara limefunga. Wanaolifungua ni ajansi za mjini, ambazo kwa dola chache hutoa karatasi ya kushika nafasi katika ndege isiyolipiwa, karatasi inayokufa yenyewe baada ya siku kadhaa. Hoteli nayo hushikwa kwenye intaneti, ile ya aina inayokuruhusu kufuta bila kutozwa. Mwisho wa yote jedwali limejaa, kila kilichomo kina namba na anwani, na hakuna hata kimoja kilichopo. Ubalozi unajua. Ajansi inajua. Mwombaji, ambaye Jumapili ni mzee wa kanisa, anatia saini.

Safu ya shughuli ndiyo inayoumiza zaidi. Chukua mfanyabiashara wa Ruashi anayetaka kuona Corolla kwa macho yake kabla ya kuzilipia. Ni kusudi la heshima, lakini akiliandika amekwisha. Safari ya biashara inadai barua ya mwaliko kutoka kampuni iliyoko Japani, na barua ya dhamana ambamo mdhamini anaahidi kwamba gharama zitalipwa, sheria zitafuatwa na mgeni atarudi kwao, pamoja na nyaraka za kampuni yenyewe. Muuza magari makuukuu, ambaye faida ya gari moja haimtoshi kununulia wasiwasi wa mtu asiyemjua, hasaini kitu kama hicho. Basi mfanyabiashara anapewa ushauri dirishani: “Papa, andika tu utalii.” Na mtalii lazima atalii. Siku ya pili, kuitazama Landmark Tower, jengo la mita 296. Siku ya tatu, Cosmo Clock, gurudumu la kubembea linalofika mita 112 na nusu. Siku ya nne, kuitembelea Hikawa Maru, meli ya abiria ya mwaka 1930 iliyotia nanga kando ya bustani ya Yamashita tangu 1961. Siku ya tano, mtaa wa Wachina, ingawa Wachina angewapata Kolwezi bila visa.

Mtazame sasa. Ni mzee mwenye wajukuu, mwenye sukari na presha, naye anaiambia serikali ya Japani kwa maandishi kwamba anavuka zaidi ya kilomita 12,000 ili apande bembea. Karani anayesoma ana haki ya kutoamini. Mimi pia nisingeamini. Lakini aliyemfikisha mzee huyu kwenye bembea ni fomu. Ukweli wake uliwekewa masharti asiyoweza kuyatimiza, na uongo ukawekewa jedwali lenye mistari iliyonyooka. Anayedai kwamba makaratasi haya yanachuja waongo na kuwapitisha wakweli angefanya hesabu upya. Yanachuja wasiojua kujaza.

Halafu inakuja taarifa ya benki. Sehemu kubwa ya biashara ya mji huu hupita mkononi, kwa dola, au katika simu kwa M-Pesa na Airtel Money, na mtu anaweza kuwa na nyumba tatu Kampemba huku akaunti yake ina hela za kununulia mkaa. Akitaka visa, huweka pesa benki kwa mkupuo mwezi mmoja kabla ya kuomba, na huo mkupuo ndio unaomfanya aonekane tapeli. Picha nayo hukataliwa kwa sababu ya kivuli. Jina la tatu, lile lililokaa katikati yetu tangu Mobutu alipofuta majina ya Kikristo mwaka 1972 na likabaki hata yaliporudi, halina kisanduku chake kwenye fomu. Ukiipigia simu hoteli ya Yokohama ukitoka kazini saa kumi na moja jioni, kule ni saa sita usiku.

Sasa geukia gari, na hapa naomba subira ya msomaji, kwa sababu mambo yake ni mazuri mno kuyapita haraka. Gari jipya la mtu binafsi huko Japani hukaguliwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, katika mtihani wa lazima uitwao shaken: breki, taa, moshi, magurudumu, chasisi. Kila ukaguzi huambatana na kodi ya uzito na bima ya lazima, na kodi hiyo hupanda gari likifikisha miaka 13, ikapanda tena likifikisha 18. Gari linaweza kuwa zima kabisa, linawaka kwa ufunguo wa kwanza, lakini mwenyewe anakaa na kalamu, anajumlisha, anaona heri aliuze. Ndipo linapopelekwa mnadani. Kule hakuna dalali anayepiga kelele. Wanunuzi wameketi kwenye viti vya safu, macho kwenye skrini, kidole juu ya kitufe, na gari moja huuzwa kwa sekunde chache. Minada mikubwa ya USS hupitisha maelfu ya magari kwa siku moja.

Kinachowezesha kasi hiyo ni karatasi moja. Kabla ya mnada, mkaguzi hulizunguka gari na kujaza mchoro unaolionyesha likiwa limekunjuliwa pande zote. Mkwaruzo ni herufi A, mbonyeo ni U, mahali paliponyooshwa na kubaki na mawimbi ni W, na kila herufi hufuatwa na namba ya ukubwa: A1 ni mkwaruzo wa kucha, A3 unauona ukiwa ng'ambo ya barabara. Kutu ina herufi yake. Kipande kinachohitaji kubadilishwa huwekewa X. Ndani hupewa daraja kwa herufi, gari zima kwa namba, na lililowahi kugongwa vibaya likatengenezwa hupewa R. Uzuri wenyewe upo hapa: R haimaanishi hapana. Inamaanisha liligongwa, likatengenezwa, na bei yake inajua hivyo. Gari la daraja la 3.5 lina mahali pake duniani. Hakuna anayeliambia lirudi baada ya miezi sita likiwa halijawahi kugongwa, na hakuna anayelificha kwamba shida ilikuwa mlango wa nyuma wa kushoto.

Likishauzwa huvuliwa namba, hupewa cheti cha kufutwa kwenye daftari la nchi ili lisafirishwe nje, hupelekwa gatini Yokohama, Nagoya au Kobe, na huingia melini likiendeshwa. Dar es Salaam hushuka, hubandikwa namba za IT, zile za magari yanayopita njia tu, hukabidhiwa dereva ambaye mwendo wake unajulikana na kila mama muuza vitunguu kati ya Chalinze na Tunduma. Nakonde, Kapiri Mposhi, Ndola, Kasumbalesa, kisha ni kwetu. Na likifika halina hata adabu ya ugeni. Likiwashwa, sauti ya dada wa Kijapani inalalamika kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa, na italalamika hivyo kila asubuhi hadi kile kidude kitakapokufa. Redio ilitengenezwa kwa masafa ya kwao, ambayo katika magari mengi ya zamani huanzia megahezi 76 na kuishia 90, kwa hiyo stesheni zetu nyingi hazisikii. Usukani uko kulia katika nchi inayoendesha kulia, hivyo dereva anakaa upande wa mtaro, na abiria wa mbele, ambaye pengine ni mtoto wa shule, ndiye anayechungulia kama lori linapitika. Mlango wa Hiace unafunguka kushoto, yaani katikati ya barabara, na mama anashuka na beseni lake la samaki mbele ya pikipiki. Kinshasa imewahi kutangaza amri za kuzuia usukani wa kulia. Gari halikusikia, labda kwa sababu ya redio.

Msomaji makini atanikatiza hapa. Gari si mtu, atasema. Mtu akifika anaweza asirudi. Ni kweli kwamba hofu ya karani ni hiyo, na fomu zote, ukizikamua, zinauliza swali hilo moja. Wazee wa pwani walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ubalozi unataka uthibitisho wa benki kwamba ngama ipo. Lakini katika hao wawili, asiyerudi ni nani? Hakuna Corolla iliyowahi kutoka Lubumbashi ikarejea Yokohama. Zinakuja, zinakaa, zinazeeka, zinakatwa vipuri, na mifupa yake inalala nyuma ya gereji za Kenya, namaanisha Kenya yetu ya hapa mjini. Gari ni mhamiaji haramu kwa kila kipimo: halijifunzi lugha, halifuati upande wa barabara, haliondoki. Na bado linakaribishwa, kwa sababu aliyelikagua aliandika ukweli na aliyelichukua alijua anachukua nini.

Kwa hiyo mtu naye akaguliwe hivyo. Akaunti ya benki: A2. Kazi ya kujitegemea, haina mkataba: W1. Ana kaka Ubelgiji aliyekwenda kusoma na hajamaliza kusoma tangu mwaka 2004: U3. Aliwahi kunyimwa visa na nchi nyingine: R. Daraja 3.5, apewe siku kumi. Na kama hofu bado ipo, gari limetuonyesha dawa. Linapopita Tanzania kwenda nje, halihojiwi nia yake. Huwekewa dhamana ya forodha, na dhamana hiyo huachiliwa likithibitika limetoka Tunduma. Weka pesa, nenda, rudi, chukua pesa. Najua nitajibiwa kwamba Marekani imeanza jambo hilo mwezi wa Agosti 2025, ikianzia na jirani zetu wa Zambia pamoja na watu wa Malawi, na kwamba dhamana yake iliwekwa kati ya dola 5,000 na 15,000, kiasi ambacho kingeufunga mlango kwa ukali kuliko kanuni ya miezi sita. Pingamizi hilo linanigusa, na nalijibu hivi: dhamana ya gari hupimwa kwa kodi ambayo serikali ingeikosa gari likibaki. Ina mizani. Dola 15,000 hazikupimwa kwa chochote isipokuwa woga.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kila nchi ina haki ya kuchagua nani aingie, na watu wake wana haki ya kuulizwa. Sibishani. Tena ushahidi upo, na umetoka Yokohama yenyewe. Mji huo umeandaa mkutano wa TICAD, ule wa Japani na Afrika, mwaka 2008, 2013, 2019 na 2025. Marais wetu wanaijua Yokohama kuliko wanavyoijua Pweto yetu ya Katanga. Katika mkutano wa Agosti 2025 shirika la misaada la Japani, JICA, lilitangaza miji minne kuwa nyumbani kwa nchi nne za Afrika: Nagai kwa Tanzania, Kisarazu kwa Nigeria, Sanjo kwa Ghana, Imabari kwa Msumbiji. Nia ilikuwa kubadilishana ujuzi na utamaduni. Uvumi ukaenea kwamba miji inagawiwa Waafrika na kwamba kuna visa maalumu. Simu za malalamiko zikamiminika katika ofisi za manispaa. Serikali ikakanusha, visa hizo hazikuwapo. Na tarehe 25 Septemba mpango wote ukafutwa. Hofu hiyo ni halisi na karani hawezi kujifanya haisikii. Ninachopinga ni kuificha nyuma ya ukurasa mtupu. Mkaguzi wa magari akiona kutu huandika kutu.

Pingamizi la tatu nalipokea kwa mikono miwili, kwa sababu ni letu. Nusu ya udhalili wa safari ya Yokohama humpata mtu kabla hajakutana na Mjapani yeyote. Pasipoti yetu ya kielektroniki ilipotoka mwaka 2015 iliuzwa dola 185, na uchunguzi wa Reuters wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba serikali yenyewe ilibaki na dola 65 tu. Nyingine zilikwenda kuona dunia bila visa. Bei ikashushwa hadi dola 99 mwaka 2020. Ubalozi uko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kwa mstari wa ndege, na mstari wa ndege ndio mstari pekee wa kutegemea. Mjapani naye akitaka kuja Lubumbashi hukuta wetu wanamdai mwaliko na barua ya kumbeba, iliyogongwa mihuri, na mihuri hiyo haina ratiba. Na nani atupe somo la kukubali mikwaruzo? Huu ni mji ambamo noti ya dola mia iliyochanika milimita mbili pembeni hukataliwa na muuza mkate, anayeiinua juani na kuirudisha bila kutoa sababu.

Lakini hapa ucheshi unaniishia. Katanga yetu ilikwisha kufika Japani, tena mapema, na haikuombwa ratiba. Mwaka 1940 Edgar Sengier wa kampuni ya migodi ya Union Minière alipeleka zaidi ya tani elfu moja za madini ya urani ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, hadi Staten Island, New York. Mwaka 1942 yakauzwa kwa jeshi la Marekani, na mengine yakafuata. Urani ya bomu la Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, ilitoka kwa sehemu kubwa katika shimo hilo, na Hiroshima nayo ni mji wa bandari. Mababu waliobeba mawe yale hawakuambiwa ni ya nini. Kisha Wajapani wakaja wenyewe. Kampuni ya Nippon Mining ilipata eneo lake mwaka 1967, mgodi wa Musoshi karibu na Kasumbalesa ukaanza kutoa shaba mwaka 1972, na mwaka 1983 wakaondoka. Wafanyakazi wao wengi walikuja bila familia, na wengine walizaa na dada zetu. Watoto hao ni watu wazima leo, wengine wako hapahapa mjini, na wamekwisha kuwaambia waandishi wa habari kwamba wanawatafuta baba zao. Mpe mmoja wao fomu ya visa. Inauliza jina la mdhamini aliyeko Japani, anwani yake, simu yake, tarehe yake ya kuzaliwa, na uhusiano wake na mwombaji. Kisanduku cha mwisho anaweza kukijaza bila kusita. Vile vya juu ndivyo alivyotaka kwenda kuviuliza.

Kwa watu hao sioni karani yeyote, wa Kinshasa au wa Tokyo, atakayejibu kwamba miezi sita inatosha. Na sioni kwa nini taarifa ya benki iwe na neno la kusema katika jambo hilo.

Lipo pingamizi la mwisho, la vijana, wanaocheka tu: ya nini kwenda? Gari unaliona kwenye simu, karatasi ya mnada unatumiwa, unalipa, unakwenda kulipokea Dar. Ndivyo wengi wanavyofanya, na ndivyo wengine wanavyofilisika, maana matapeli wanaojitia wauzaji wa Japani wapo, wenye tovuti nzuri na picha za gari ambazo wameziokota kwingine. Hebu tuangalie hesabu yenyewe ya kuaminiana. Mfanyabiashara wa Ruashi hutuma dola elfu kadhaa, mara nyingi bei nzima, kwa hawala ya benki, kwa kampuni ambayo hajawahi kuiona, akisubiri wiki nyingi chombo ambacho hajakigusa. Hamwombi muuzaji taarifa ya akaunti. Hamwombi barua ya mdhamini, wala ajaze atakuwa wapi Jumanne. Nchi ya muuzaji huyohuyo, ikiwa na taarifa za benki za mnunuzi, picha yake, cheti chake cha biashara na saini yake mezani, haiwezi kumwamini kwa siku kumi. Katika biashara yoyote ya Lubumbashi, anayetanguliza pesa ndiye mwenye haki ya kwenda kuangalia mzigo. Hata kwa mbuzi ni hivyo.

Akiruhusiwa kusema kweli, ratiba yake ni fupi. Siku ya kwanza, Narita na treni. Siku ya pili na ya tatu, kwa muuzaji, kufungua boneti. Siku ya nne, mnadani, kuangalia watu wanaobonyeza vitufe. Siku ya tano mpaka ya nane, gatini, kuhesabu magari yanayoingia melini na kuhakikisha vipuri vya akiba havijashushwa njiani. Siku ya tisa, zawadi za wajukuu. Siku ya kumi, Narita. Mahali pa kulala: hoteli yoyote ya bei nafuu, karibu na bandari, isiwe na gurudumu la kubembea mbele ya dirisha.